"Injini imechoka": hukumu kabla ya kipimo

Kama umewahi kupeleka gari la zamani gereji, hii sentensi unaijua: "Mkuu, injini imechoka." Fundi anaisema kwa huruma huku anafuta mikono, na wewe unaanza kuhesabu hela kichwani. Leo naomba tuiulize swali tunaloulizwa sisi kila tukipeleka rasimu kwa msimamizi: ushahidi uko wapi?

Mfano wangu ni Toyota Corolla ya mjomba, Mbeya, injini ya 5A-FE. Ni teksi, ndiyo inayolipa ada za wanawe. Ilibadilishwa mkanda wa taimingi, na tangu siku ile mlima wa kwenda Chunya ukawa shughuli. Fundi akalegeza distributa, akaizungusha huku anasikiliza, sailensa ikapanda, akakaza. Gari likachangamka kidogo, ila mlimani likabaki zito. Wiki chache baadaye hukumu ikatoka: ovahoo, milioni mbili.

Sikio la fundi silidharau. Linatambua plagi moja isiyochoma kabla mimi sijashuka kwenye gari. Lakini kwa kazi hii linadanganywa. Injini ikiwa haina mzigo, ukiwahisha cheche kidogo mzunguko unapanda, na sikio linapenda mzunguko uliopanda. Ukifika mlimani na abiria wanne, cheche inayowahi mno inaleta kugonga. Tena injini hii ina kompyuta inayosogeza cheche yenyewe kila wakati. Ili usome taimingi ya msingi lazima kwanza uunganishe vitundu vya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi (kipande cha waya kinatosha), ndipo umulike puli kwa taa ya taimingi na kutafuta digrii 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Usipounganisha, unapima kitu kinachokimbia.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe, maana distributa haikuwa tatizo. Kwenye injini hii distributa inaendeshwa na kamshafti. Mkanda ukiruka jino moja, cheche inachelewa na valvu nazo zinachelewa. Ukizungusha distributa unarudisha cheche peke yake. Valvu zinabaki pale pale. Taa itakuonyesha digrii 10 safi kabisa, na gari bado halina nguvu. Na jino moja si dogo: puli ya kamshafti ikiwa na meno 40, jino moja ni digrii 9 za kamshafti, yaani 18 za krankshafti.

Kumbe hapo ndipo hukumu ya "kuchoka" inapozaliwa. Valvu ya kuingizia ikichelewa kufunga, pistoni inapanda huku hewa inarudi ilikotoka, na geji ya kompresheni inasoma chini. Fundi akaona paundi 118, 120, 117, 119, akasema ringi zimeisha. Hebu ziangalie tena hizo namba. Silinda nne zimechakaa kwa usawa namna hiyo? Inawezekana, lakini mkanda uliokosewa unaeleza vizuri zaidi, maana unaziathiri zote nne kwa kipimo kimoja. Tukatia oili kidogo kwa kila silinda na kupima upya. Ringi zikiwa zimeisha, oili inaziba nafasi na namba inaruka juu. Zetu zilipanda paundi tano, sita. Moshi wa bluu pia haukuwepo.

Kuna jambo jingine, na hapa lawama naipeleka kwa vitabu vya ufundi, si kwa fundi. Namba ya kompresheni huandikwa bila neno lolote kuhusu mwinuko. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Tanga. Kitabu kikisema 190, huku tarajia 155 hivi kwa injini nzima isiyo na kasoro. Fundi wa nyanda za juu akifuata kitabu neno kwa neno, atafungua injini nyingi zenye afya.

Tulivua kava, tukapanga alama ya krankshafti, tukatazama ya kamshafti: nyuma kwa jino moja. Baada ya kurekebisha geji ilisoma kati ya 148 na 151. (Alama ya puli nayo usiiamini kipofu. Puli nyingi zina mpira katikati, na ule mduara wa nje huweza kuteleza. Ingiza kijiti kwenye tundu la plagi uhakikishe pistoni iko juu kweli.)

Silinda moja ikiwa chini na ikapanda kwa oili, hapo fungua. Ila kabla ya kununua ringi, pima silinda imekuwa yai kiasi gani. Ringi mpya kwenye silinda ya yai zitakurudisha gereji mapema. Na injini ya mtumba ikikushawishi kwa bei, ipimwe kompresheni kabla hujatoa hela.

Mjomba alilipia kazi ya nusu siku. Fundi, kwa haki yake, aliomba nimwachie kile kipande cha waya.