Nyota Aliyefifia: Namna ya Kumpima Kabla ya Kumsajili

Msimu wa besiboli ukifungwa Marekani, soko la wachezaji huru halikosi jina moja linalowagawa mashabiki: mlinzi wa nje aliyewahi kuwa tishio la ligi nzima, ambaye misimu miwili iliyopita gongo lake limekuwa likikata upepo tu. Walinzi wa nje ni wale watatu wanaosimama kwenye nyasi za nyuma, kushoto, katikati na kulia, na klabu huwalipa fedha nyingi hasa kwa wanachofanya wakishika gongo. Akiacha kupiga, kelele huanza. Wengine husema amechuja, aachwe. Wengine hukumbuka enzi zake na kutaka asajiliwe leo leo. Pande zote mbili zinabishania jina. Mimi huuliza kwanza: ni nini kilimwangusha, na je, kitu hicho kinapona? Klabu isiyoweza kujibu hilo isitie saini.

Usianze na wastani wa upigaji. Mpigaji anayefikisha 0.300, yaani mipigo safi mitatu katika kila nafasi kumi, huhesabiwa hodari. Akishuka hadi 0.210 huonekana kwisha. Lakini wastani umebeba bahati nyingi. Mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, takriban mara tatu katika kumi huangukia pasipo na mtu, na mchezaji anaweza kumaliza miezi akipiga mipira mikali inayoishia kwenye glovu za wapinzani. Ndiyo maana tangu 2015, vipimo vya kamera na rada vilipoenea katika viwanja vyote vya ligi kuu, wajuzi hutazama mpira umetoka kwenye gongo kwa kasi gani. Kilomita 153 kwa saa na kuendelea huitwa mpigo mkali. Nyota ambaye wastani wake umeporomoka lakini mipigo mikali iko palepale, huyo kakosa bahati, na anafaa kutazamwa upya.

Takwimu zikishasomwa, kaa utazame faulo zake, yaani mipira anayoigonga ikatoka nje ya mistari ya uwanja. Hapa ndipo jicho la mjuzi hupata mengi kuliko kompyuta, na hapa ndipo watazamaji wengi hugeuka kando wakidhani hakuna kilichotokea.

Mrushaji husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kasi hufika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Mpigaji wa kushoto akichelewa, faulo yake huenda upande wa kushoto wa uwanja, kule kwenye kituo cha tatu. Akiwahi mno, huenda kulia. Ikirudi moja kwa moja nyuma yake hadi kwenye wavu, maana yake amefika kwa wakati na amekosea urefu tu, unene wa unywele juu au chini. Hesabu faulo za mechi nne au tano, za mipira ya kasi peke yake. Nyota ambaye nyingi zinarudi kwenye wavu yuko karibu kurudi. Yule ambaye kila mpira unaopita usawa wa kifua anauchelewa, tena kutoka kwa warushaji wa kawaida, ana ugonjwa ambao kocha hautibu kwa wiki mbili.

Tazama pia anavyouficha ugonjwa huo. Aliyepoteza wepesi wa mikono huanza kuzungusha gongo mapema ili auwahi mpira wa kasi, na mpira wa polepole unaopinda chini humkuta ameshazunguka. Watangazaji watasema hajui kuusoma mpira unaopinda. Mara nyingi anaujua vizuri sana. Hofu ya mpira wa kasi ndiyo inayomponza. Na mazoezi ya kabla ya mechi usiyatie kwenye hesabu hata kidogo. Kocha anarusha taratibu, kutoka karibu, na hapo hata mstaafu huvusha uzio.

Mfano ninaourudia kila mara ni Cody Bellinger. Mwaka 2019, akiwa Los Angeles Dodgers, alivusha uzio mara 47 na kutajwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Oktoba 2020, katika mechi ya saba ya fainali ya ligi hiyo, alipiga mpira uliovuka uzio na kuipa timu yake ushindi, kisha akagonganisha mikono kwa furaha na mwenzake Enrique Hernández, na bega lake la kulia likateguka. Akafanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Bellinger hupiga kwa kushoto, kwa hiyo bega la kulia ndilo linalotangulia na kuliongoza gongo. Aprili 2021 akapata ufa kwenye mfupa wa mguu. Msimu huo wastani wake ulikuwa 0.165, uliofuata 0.210, na Novemba 2022 Dodgers wakamwachia aondoke bila kupata chochote.

Sasa rudi kwenye swali langu. Kilichomwangusha kilikuwa na jina, tena kilikuwa kitu cha kupona: bega, kisha mguu. Alikuwa na miaka 27 tu, bado anakimbia vizuri, na bado analinda eneo la katikati kwa ustadi. Chicago Cubs wakampa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 17.5. Mwaka 2023 alifikisha wastani wa 0.307 na kuvusha uzio mara 26. Cha kuzingatia zaidi ni namna alivyobadilika: straiki, makosa ambayo yakifika matatu humtoa mpigaji, zikifika mbili, alifupisha mzunguko wa gongo na kuridhika na kuugusa mpira tu. Mwaka 2022 alitolewa kwa straiki tatu mara 150. Mwaka 2023, kwa nafasi zilizokaribiana idadi, mara 87. Wapo wanaosema alibebwa na kanuni iliyoanza msimu huo, inayokataza walinzi wa ndani watatu kujazana upande mmoja dhidi ya wapigaji wa aina yake. Ilimsaidia, sikatai, ila kanuni hiyo haimwondolei mtu straiki hata moja. Wengine walionyesha kwamba mipigo yake haikuwa mikali kama zamani. Nao walisema kweli, na kwa sababu hiyo Cubs walipomsajili tena Februari 2024, walimpa miaka mitatu, dola milioni 80, badala ya mkataba mrefu mno uliotarajiwa.

Baada ya gongo, miguu. Saa ya mkononi inatosha. Tangu gongo ligonge mpira hadi mguu ukanyage kituo cha kwanza, mita 27.4, wasaka vipaji huhesabu sekunde 4.2 kuwa wastani kwa mpigaji wa kushoto na 4.3 kwa wa kulia. Akiwa anacheza nyuma, usifuate mpira. Mkazie macho yeye wakati mpigaji mwingine anapogonga, uone hatua ya kwanza inakwenda wapi. Mlinzi mzuri huwa ameshaondoka, tena upande ulio sahihi, kabla wewe hujajua mpira unaelekea wapi. Hatua hiyo ikichelewa pamoja na gongo, hali ni nzito. Bega bovu haliwezi kuichelewesha hatua ya mguu. Mwili mzima ndio unaozeeka.

Hilo ndilo lililomkuta Andruw Jones. Alitwaa Glovu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, miaka kumi mfululizo, 1998 hadi 2007, na sijui kama kuna mlinzi wa katikati aliyesogea kwa uzuri kumshinda. Mwaka 2007 wastani wake ulishuka hadi 0.222, na hakukuwa na jeraha moja la wazi la kulitwika lawama zote. Dodgers wakamlipa dola milioni 36.2 kwa miaka miwili. Alifika mazoezini akiwa na uzito uliozidi, goti likamsumbua hadi akafanyiwa upasuaji, na mwaka 2008 akamaliza na wastani wa 0.158, uzio akiwa ameuvusha mara tatu tu. Wakamwacha kabla mkataba haujaisha. Texas Rangers wakamchukua kwa mkataba mdogo wa ligi ya chini, na mwaka 2009 akawavushia uzio mara 17 katika mechi 82. Mchezaji ni yuleyule. Rangers walinunua kilichobaki, wakakilipia bei yake, na hawakumtaka awe Jones wa zamani kila siku.

Kuhusu bei nitasema machache. Mkataba uwe wa mwaka mmoja, na timu ijue mapema atapangwa dhidi ya nani. Mpigaji wa kushoto aliyepungua bado anaweza kuwatesa warushaji wa kulia ilhali wa kushoto wanamzima kabisa; mpange kwa wa kulia, mpumzishe kwa wengine. Jason Heyward, mlinzi wa nje anayepiga kwa kushoto, alitumiwa hivyo. Cubs walimwachia mwishoni mwa 2022 huku wakiendelea kumlipa mamilioni ya mkataba wake wa zamani, kwa hiyo Dodgers walilazimika kutoa mshahara wa kima cha chini wa ligi tu, pamoja na nafasi moja kati ya 26 za kikosi. Kwa kupangwa zaidi dhidi ya warushaji wa kulia, alifikisha wastani wa 0.269 mwaka 2023 na kuvusha uzio mara 15. Mwaka uliofuata gongo likapoa tena. Agosti 2024 aliingia kama mpigaji wa akiba na kuvusha uzio, timu ikashinda, mashabiki wakamshangilia. Siku chache baadaye Dodgers waliihitaji nafasi yake kwa mchezaji aliyekuwa anarudi kutoka majeruhi, wakamwondoa kikosini.