Nani Anafungua Takwimu za Ibaba?

Mwisho wa mwezi, mhudumu wa kituo cha kata kama Ibaba, wilayani Ileje, hujumlisha safu za Kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kile cha wajawazito. Jumla hizo huingizwa DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao kufikia mwisho wa 2013 ulikuwa umeenea Tanzania Bara. Majina hayaingii, lakini kwenye kata ndogo tarakimu 1 katika safu ya waliokutwa na VVU inatosha kumnyooshea mtu kidole.

Ndani ya DHIS2 ulinzi umepangwa vizuri. Kila mtumiaji hupewa majukumu na eneo lake: aliyepangiwa Ileje hawezi kuingiza takwimu za wilaya ya Momba.

Shida iko chini yake, kwenye PostgreSQL, seva ya hifadhidata inayotunza takwimu zenyewe. Katika usanidi wa kawaida, seva hiyo haimjui muuguzi wala mganga mkuu wa wilaya. Inaijua akaunti moja tu, mara nyingi huitwa dhis, na nywila yake imeandikwa ndani ya faili la dhis.conf. Anayeisoma haulizwi ni wa kata gani. Ndiyo maana mwongozo unaagiza faili hilo lifungwe kwa chmod 600, asomaye awe mwenye faili peke yake.

Sasa aje mchambuzi anayetaka takwimu. Njia ya mkato ni kumpa nywila ya dhis, na hapo ngazi zote za DHIS2 zimekwisha kazi. Afunguliwe akaunti yake:

CREATE ROLE mchambuzi LOGIN;
\password mchambuzi
GRANT SELECT ON datavalue, dataelement, organisationunit, period TO mchambuzi;

Amri ya \password ina sababu. Nywila ikiandikwa wazi ndani ya SQL inaweza kubaki kwenye kumbukumbu za seva. Hii huifumba kabla haijasafiri. Jedwali la watumiaji halimo kwenye ruhusa hiyo, na lisiwemo kamwe.

Kisha likaguliwe faili la pg_hba.conf, linaloamua nani aingie kwenye PostgreSQL na kwa njia gani. Husomwa kuanzia juu, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Mstari wa trust ukitangulia, scram-sha-256, inayodai nywila, iliyoandikwa chini yake haifikiwi, na mtu anaingia bila nywila.

Kazi ikiisha, ALTER ROLE mchambuzi NOLOGIN inamzuia asiingie tena, na wengine wanaendelea na kazi. Nywila ya dhis ingekuwa mikononi mwake, kuibadilisha kungedai kuuzima na kuuwasha upya mfumo mzima.