Wastani Usionyesha Popote

Kosa letu vyuoni katika kufundisha takwimu lilikuwa kutanguliza kanuni mbele ya shamba. Nami nilikuwa mmoja wa wakosaji. Mwanachuo alijua kujumlisha na kugawanya, lakini hatukumuuliza namba zimetoka wapi.

Tazama mkoa wa Mbeya. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Usangu, kule Mbarali, haifikii nusu yake. Jumlisha, gawanya kwa mbili: unapata mvua isiyonyesha popote. Mkulima wa mahindi wa Usangu akiutegemea wastani huo, mbegu yake itakaukia ardhini.

Siku hizi walimu vijana huniuliza, "Mwalimu, tutumie SPSS au R?" Swali si baya. R ni ya bure, kwa hiyo chuo maskini hakilazimiki kunakili kwa wizi. Lakini zote mbili zitatoa wastani uleule, tena wenye desimali za kutisha.

Kwanza mwanachuo, awe Iringa au Mbeya, apime mvua kwa mkono wake msimu mzima, azipange namba toka ndogo hadi kubwa, aone zilivyotawanyika. Kompyuta ije baadaye. Yenyewe haina kosa, hujibu ulichoiuliza.