Ka Loko: bwawa la "hatari ndogo" lililoua watu saba

Alfajiri ya tarehe 14 Machi 2006, baada ya wiki kadhaa za mvua, tuta la bwawa la Ka Loko katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, lilikatika. Maji yanayokaribia galoni milioni 400, sawa na lita bilioni 1.5 hivi, yaliteremka bondeni, yakalibomoa na bwawa dogo la Morita lililokuwa njiani, yakazoa nyumba na miti mpaka baharini. Watu saba walikufa. Kwenye orodha rasmi ya mabwawa, Ka Loko lilikuwa limeandikwa "hatari ndogo".

Asiye wa fani akisoma maneno hayo atadhani kuna mkaguzi aliyelipima tuta akaliona imara. Sivyo. Marekani huyagawa mabwawa katika madaraja matatu, hatari kubwa, ya kati na ndogo, na swali linaloulizwa ni moja: bwawa hili likipasuka, nini kitatokea huko chini? Ikitarajiwa kwamba hata mtu mmoja atapoteza maisha, ni hatari kubwa. Ikiwa watu wako salama lakini barabara, mabomba au mali za wengine zitaharibika, ni ya kati. Hasara ikiishia zaidi shambani kwa mwenye bwawa, ni ndogo. Hali ya tuta lenyewe haihesabiwi. Bwawa jipya lililoshindiliwa vizuri juu ya mji ni hatari kubwa, na tuta bovu lililotobolewa na panya katikati ya malisho matupu ni hatari ndogo.

Kwangu mimi mantiki hiyo haina kasoro. Ubovu wa tuta hubadilika msimu hadi msimu, na kuutafuta ni kazi ya ukaguzi. Daraja linaamua tu ukaguzi uanzie wapi na urudiwe mara ngapi. Ila ndiyo maana daraja likikosewa hasara yake ni kubwa: bwawa linasukumwa mwisho wa foleni, na foleni ya wakaguzi wachache haifiki mwisho. Ka Loko halikuwahi kukaguliwa na jimbo, ingawa sheria ya usalama wa mabwawa ya Hawaii ilikuwapo tangu 1987.

Bwawa lenyewe lilijengwa mwaka 1890 na shamba la miwa la Kilauea kwa ajili ya umwagiliaji. Lilikuwa la udongo, tuta lake likiwa na kimo cha takriban mita 12. Enzi za miwa kulikuwa na watu wa shamba walioishi na mifereji ile, wakijua lango gani lifungwe mvua ikizidi. Shamba lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1987 ardhi yenye sehemu kubwa ya bwawa ikanunuliwa na tajiri mmoja. Kilichokuwa chombo cha kazi kikawa mandhari ya kuuzia viwanja. Huko chini nako watu walijenga, kama watu wanavyojenga popote penye bonde zuri na mto. Daraja la hatari linategemea nyumba hizo, na nyumba hazisubiri orodha ifanyiwe marekebisho.

Sasa tuje kwenye udongo. Bwawa la zege likifurika, mara nyingi linavumilia. La udongo halivumilii. Kwa sababu hiyo hupewa utoro wa maji, yaani njia ya pembeni, chini ya usawa wa kilele cha tuta, ambayo maji ya ziada hupitia yakaenda zake bila kuligusa tuta. Njia hiyo ikizibwa, maji yanapanda mpaka yanapata sehemu ya kilele iliyobonyea hata kidogo tu. Yanaanza kupita hapo kama utepe. Yakifika kwenye mteremko wa nyuma yanashika kasi, yanachimba korongo miguuni mwa tuta, na korongo hilo linakula kwa kurudi nyuma, kipande baada ya kipande, kuelekea bwawani. Likishafika upande wa maji, hakuna tena cha kuziba. Kuanzia hapo tuta la miaka mia moja linaweza kwisha kwa muda mfupi sana.

Uchunguzi huru ulioagizwa na jimbo, ambao ripoti yake ilitoka Januari 2007, uliona kwamba huenda hayo ndiyo yaliyotokea: utoro wa Ka Loko ulikuwa umefukiwa, inavyoelekea wakati wa kazi za kusawazisha ardhi miaka ya 1990. Kukuta utoro umefukiwa hakuhitaji mtaalamu wa kukokotoa. Anatosha mtu mwenye viatu imara atakayezunguka tuta lote. Mwaka 2014 mmiliki alihukumiwa kifungo cha miezi saba.

Kenya imekwenda kwa njia nyingine. Kanuni zake za rasilimali za maji za 2007 ziliyapanga mabwawa katika daraja A, B na C kwa kupima kina cha maji, ujazo na eneo la vyanzo. Kina chini ya mita 5 ni A, na kuanzia mita 15 kwenda juu ni C. Ujazo chini ya mita za ujazo 100,000 ni A, ukivuka milioni moja ni C. Kwa ujazo pekee, Ka Loko lingeingia C moja kwa moja, bila kubishana ni nani anaishi bondeni. Hiyo ndiyo nguvu ya futi kamba: haina upendeleo.

Udhaifu wake uko kwa mabwawa madogo. Lambo la kina cha mita 4 na mita za ujazo 80,000 ni A kwa vipimo hivyo, liwe juu ya malisho au juu ya shule. Baada ya Solai, kaunti ya Nakuru, ambako bwawa la udongo la mtu binafsi lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, ningetaka jedwali hilo liongezwe safu moja ya kuhesabu milango iliyo kwenye njia ya maji, na hesabu hiyo irudiwe kila kibali kinapohuishwa.