Wimbo Safarini: Uhakiki wa Ziara za Shakira

Wahakiki wa nyimbo wana desturi ya kuushika wimbo ukiwa umekaa. Huuchukua kama ulivyoandikwa, au kama ulivyonaswa katika santuri, wakahesabu beti zake, wakapima vina vyake, kisha wakatoa hukumu. Desturi hiyo si mbaya, maana kitu kisichotulia ni vigumu kukipima. Walakini wapo watungaji ambao nyimbo zao hazikukusudiwa kukaa. Hutungwa chumbani, hupelekwa barazani, na kutoka barazani huzungushwa duniani. Na kila zinapotua hupata maana ambayo hazikuwa nayo zilipoondoka. Kwa watungaji wa namna hiyo safari ni sehemu ya utungo, na mhakiki asiyeifuata safari huhukumu nusu ya kazi. Insha hii yakusudia kulithibitisha neno hilo kwa kuzitazama ziara tatu za mwimbaji mmoja wa Amerika ya Kilatini, na kuuliza katika kila ziara: wimbo umepata nini njiani, na umepoteza nini?

Shakira Isabel Mebarak Ripoll alizaliwa tarehe 2 Februari 1977 katika mji wa Barranquilla, bandari ya Kolombia katika pwani ya Karibi, baba yake akiwa na asili ya Lebanoni. Albamu yake ya kwanza, Magia, ilitoka mwaka 1991 akiwa bado msichana mdogo. Pies Descalzos ya mwaka 1995 na Dónde Están los Ladrones? ya mwaka 1998 zilimjulisha kwa wasemaji wa Kihispania kila mahali, na Laundry Service ya mwaka 2001 ikampeleka kwa wasemaji wa Kiingereza. Nyimbo zake huzitunga mwenyewe, peke yake au kwa kushirikiana na wengine, kisha huziimba na kuzicheza mwenyewe. Kwa istilahi yetu twaweza kusema kwamba malenga na manju wamekutana katika mtu mmoja. Bahati mbaya wengi walioandika habari zake wameshughulishwa mno na kiuno chake, hata malenga akasahauliwa.

Ziara ya kwanza ya kutazamwa ni ile iliyoitwa Tour of the Mongoose, yaani Ziara ya Nguchiro, iliyoanza San Diego, Marekani, tarehe 8 Novemba 2002. Jina lake halikuwa la mzaha. Nguchiro ni mnyama mdogo, lakini ni mmoja wa wachache wawezao kumshinda swila. Na mwimbaji alieleza kwamba swila huyo ni chuki, na kwamba kila mtu angekuwa na nguchiro wake moyoni angeweza kuishinda. Jukwaani nyoka huyo alionekana kwa umbo kubwa la kutisha. Hapo msomaji wa fasihi hutambua mara moja kwamba hakuletewa nyimbo zilizopangwa mstari tu, bali ameletewa istiara moja inayoshika onyesho zima.

Katika ziara hiyo ndipo wimbo wa "Octavo Día", yaani "Siku ya Nane", ulipopata maisha mapya. Wimbo huo ni wa albamu ya mwaka 1998. Kisa chake ni kwamba Mungu, baada ya kuumba, alikwenda matembezi, na aliporudi akaikuta dunia imevurugika na Yeye mwenyewe hana tena kazi. Mbele kidogo mtungaji anawashabihisha wanadamu na kete za sataranji zinazosogezwa na watu wachache. Msikilizaji wa Kolombia wa miaka ile alikuwa na sababu ya kucheka na ya kulia, kwa maana nchi yake ilikuwa ikielekea katika dhiki kubwa ya uchumi, na ukosefu wa kazi ulikuwa habari ya kila nyumba. Utani wa Mungu asiye na ajira ulikuwa na mizizi katika udongo wake.

Miaka minne baadaye wimbo uleule uliimbwa Marekani, wakati vita vya Iraki vikinukia. Nyuma ya mwimbaji palionyeshwa picha za karagosi wawili, mmoja kwa sura ya George W. Bush na mwingine kwa sura ya Saddam Hussein, wakicheza sataranji. Na aliyewashikia nyuzi alikuwa Mauti mwenyewe. Vita vilianza Machi 2003, ziara ikiwa bado njiani, na wimbo huo ukaendelea kuimbwa Ulaya. Tamasha la Rotterdam la Aprili 2003 lilihifadhiwa na kutolewa mwaka uliofuata kwa jina la Live & Off the Record.

Tuipime kazi hiyo kwa haki. Tashbihi iliyokuwa ya maneno imegeuzwa umbo la kuonekana, na kwa hiyo hata asiyejua neno moja la Kihispania ameelewa. Picha imefanya kazi ya mkalimani. Fauka ya hayo, mtungaji ameongeza jambo ambalo halikuwamo katika maandishi: wale wachache wanaowasogeza wengine nao husogezwa, na mshindi wa mchezo ni kaburi. Hayo ni maendeleo ya kweli ya fikra, tena yalihitaji ushujaa, kwa kuwa mgeni aliyekuwa akitafuta soko Marekani hakuwa na faida ya kumchora rais wake kama karagosi. Lakini pamoja na pato hilo kuna hasara. Dhihaka ya mwaka 1998 ilikuwa ya wote. Ilimgusa kila mwenye kumwabudu mtu maarufu na kila asiye na kazi. Picha ya watu wawili ilikata upana huo. Mtazamaji aliweza kurudi nyumbani akilaani wawili na kujisahau mwenyewe. Kwa hiyo twasema kwamba ziara iliunoa wimbo: ukawa mkali zaidi, na mwembamba zaidi.

Ziara ya pili inatugusa sisi Waafrika kwa karibu. Ni ile ya The Sun Comes Out, iliyoanza Montreal tarehe 15 Septemba 2010 na kwisha mwaka 2011. Miezi michache kabla yake Shakira alikuwa ameimba "Waka Waka" pamoja na kundi la Freshlyground la Afrika ya Kusini, kwa ajili ya Kombe la Dunia. Kiitikio cha wimbo huo kimetoka katika "Zangaléwa", wimbo wa mwaka 1986 wa kundi la Golden Sounds la Kameruni, na majina ya watunzi wa Kameruni yamewekwa miongoni mwa watunzi wa "Waka Waka". Lakini haki ya jina ni jambo moja, na haki ya maana ni jambo jingine.

"Zangaléwa" ulikuwa wimbo wa askari. Walioutoa walikuwa watu wa jeshi, na katika maonyesho yao walivaa sare na kujitia vitambi vya bandia, wakiigiza askari Waafrika wa enzi ya ukoloni pamoja na wakubwa wao. Ndani yake mna uchovu wa mwanajeshi, mna kebehi, na mna swali la nani aliyemwita mtu jeshini. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa mengi juu ya sanaa ya namna hiyo. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, nayo ilivaa vyeo, sare na tarumbeta za Wazungu. Na hata leo wataalamu hubishana kama ule ulikuwa uigaji au dhihaka. Jibu ni kwamba ulikuwa yote mawili, na nguvu yake ilikuwa humo. Ndivyo ilivyokuwa kwa askari wa Kameruni pia.

Njia iliyoufikisha wimbo huo Kolombia inastahili kutajwa. Katika pwani ya Karibi, Barranquilla ikiwamo, santuri za Afrika zimepigwa kwa miaka mingi katika mitambo mikubwa ya sauti ya mitaani iitwayo picó, na "Zangaléwa" ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizopendwa huko. Basi Shakira hakuuokota wimbo wa mbali. Aliuchukua wimbo ambao mji wake ulikuwa umekwisha kuufanya mwenyeji. Shitaka la wizi mtupu, ambalo baadhi ya watu walilitoa, halitoshi kulieleza jambo lenyewe.

Pamoja na hayo, tuufuate wimbo hadi jukwaani. Katika ziara ya 2010 na 2011 "Waka Waka" uliwekwa mwisho kabisa, mahali pa kuagana, kama unavyoonekana katika tamasha la Paris la Juni 2011 lililotolewa katika filamu. Hapo ni furaha tupu. Askari wa vita amekuwa mchezaji wa kandanda, amri ya jeshi imekuwa shime ya mashabiki, na swali la askari limebaki sauti isiyo na maana kwa waimbaji wake. Wimbo uliimbwa na maelfu katika mabara kadhaa, wala haukumkumbusha mtu yeyote wafu waliousababisha. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee. Na kiitikio hiki kimekuwa mtumwa anayecheza vizuri. Mwimbaji aliyeweza mwaka 2002 kumwonyesha Mauti akishika nyuzi, angeweza pia mwaka 2010 kumpa yule askari nafasi ya kuonekana, japo kwa picha moja nyuma ya jukwaa. Hakufanya hivyo, na katika hukumu yetu hiki ndicho kipungufu kikubwa cha ziara zake zote.

Ziara ya tatu ni Las Mujeres Ya No Lloran, maana yake "Wanawake Hawalii Tena", iliyoanza Rio de Janeiro tarehe 11 Februari 2025 na kuchukua jina la albamu ya mwaka 2024. Chanzo chake ni maumivu ya nyumbani. Baada ya kuachana na mwenzi wake mwaka 2022, Shakira alitoa Januari 2023, pamoja na Bizarrap wa Argentina, wimbo wa majibu usioficha unamsema nani. Wajuzi wa taarabu wanaujua utanzu huu: ni mipasho. Wengine waliushutumu kwa kusema kwamba siri za nyumba si mali ya ushairi.

Uwanjani shutuma hiyo inapoteza uzito. Katika taarabu, mwanamke aliyeguswa huinuka, huenda mbele na kumtunza mwimbaji. Tangu hapo wimbo ni wake, na kila mtu ukumbini anajua umeelekezwa kwa nani. Katika ziara ya 2025 mwimbaji hakuingia kwa kushuka kutoka juu. Alipita kwa miguu katikati ya watu, akiandamana na baadhi yao, ndipo akapanda. Wimbo wa majibu ukawekwa mwisho. Kufika hapo sauti ya umati ilikuwa imekwisha kuuchukua, na kila aliyewahi kuachwa alikuwa anamjibu wake. Jina la mtu wa kwanza aliyesemwa halikuwa na kazi tena. Katika Jiji la Mexico pekee, uwanja mmoja ulijaa kwa zaidi ya usiku 10 mwaka huo, na umati wa namna hiyo haukusanywi na umbeya. Hapa safari haikuupunguza wimbo. Iliutoa katika uchungu wa mtu mmoja ikaufanya kauli ya wengi, na hilo ndilo jambo ambalo ushairi umekuwa ukilitafuta tangu zamani.

Yumkini atatokea wa kusema kwamba ziara ni biashara, na kwamba tunatafuta maana mahali ambapo pana tikiti na matangazo tu. Hatukatai kwamba ni biashara. Lakini manju wa zamani naye alilipwa, na sahani ya pilau haikuuharibu utenzi. Fedha hueleza kwa nini mwimbaji alisafiri. Haielezi kwa nini aliweka karagosi hapa, furaha pale, na maandamano kule. Hayo ni maamuzi ya mtungaji, na maamuzi ya mtungaji ni haki ya mhakiki.

Basi kipimo tunachokipendekeza ni hiki: safari njema ya wimbo ni ile inayouongezea maana pasipo kuifuta ile ya kwanza. Kwa kipimo hicho Ziara ya Nguchiro imefaulu kwa upungufu, ya mwaka 2010 imeshindwa katika wimbo wake mashuhuri kuliko zote, na ya mwaka 2025 imefaulu. Wanafunzi wetu watakaokipokea kipimo hiki hawana haja ya kukitumia Kolombia tu. Nyimbo zetu nazo ziko njiani, kutoka arusini hadi redioni na kutoka mtaani hadi ughaibuni, na hesabu ya kile zinachoacha nyuma bado haijafanywa.