Caliban na Utumwa wa Moyo

Katika Tufani ya Shakespeare, Caliban ni mtumwa wa Prospero kisiwani. Aimé Césaire wa Martinique aliuandika upya mchezo huo mwaka 1969, na neno la kwanza alilomtia Caliban kinywani ni letu: uhuru. Caliban huyu alikataa jina alilopewa na bwana wake, na mwishowe alimshtaki usoni kwa kumfundisha kujidharau. Lakini litazame tendo moja zaidi. Silaha i mkononi mwake, Prospero amtolea kifua apige; naye hakubali kumwua mtu asiyejitetea. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipouvua utumwa. Avunjaye pingu akabaki na ukatili wa bwana wake hajawa huru. Amekikalia kiti chake tu.