Tevye na binti zake: ni nani anayevunja desturi?

Katika mikutano yetu juu ya mila, kila mara mzee mmoja anasimama na kusema kwamba vijana ndio wanaua desturi. Wasomaji wapenzi, tuangalie basi mchezo mmoja wa jukwaani, wenye nyimbo na dansi, unaobishana juu ya neno hilo hilo: Fiddler on the Roof, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa Un violon sur le toit.

Ulitokea Broadway, mjini New York, mwaka 1964. Joseph Stein aliandika mazungumzo, Sheldon Harnick maneno ya nyimbo, Jerry Bock muziki. Walichota katika hadithi za Sholem Aleichem, mwandishi wa Kiyidi. Ulichezwa mara 3242 mfululizo, na tangu hapo umerudishwa jukwaani mara nyingi.

Tevye ni muuza maziwa katika kijiji cha Wayahudi, Anatevka, huko Urusi, mwaka 1905. Kwa desturi, baba ndiye anachagua bwana wa binti yake. Tzeitel, wa kwanza, anamkataa mchinjaji tajiri, anataka fundi wa nguo maskini. Tevye anawaza, anaongea na Mungu, anakubali. Hodel anampenda mwanafunzi wa mapinduzi; hao hawaombi ruhusa, wanaomba baraka tu. Anakubali tena. Chava anaolewa na Mkristo. Hapo anakataa kabisa, anamhesabu kama mfu.

Nguvu ya mchezo iko hapo. Tevye anapima kila jambo pande mbili, kama mama mwenye mizani sokoni, na kwa Chava mizani inagoma. Tunaumia juu tunawaelewa wote wawili. Mchezaji akimfanya Tevye mtu wa kuchekesha tu, yote yanaanguka. Katika filamu ya 1971, Topol anachekesha sana, lakini kwa Chava kicheko kinamkauka usoni.

Lawama yangu ni moja: mchezo umelainisha hadithi. Kwa Sholem Aleichem, binti mwingine anajitupa majini, na mama yao anakufa. Jukwaani hayo hayapo.

Hata hivyo kila taifa linajiona ndani yake. Stein alisimulia kwamba mchezo ulipofika Tokyo, mwaka 1967, Mjapani mmoja alimwuliza kama Waamerika wanauelewa kweli, maana ni wa Kijapani kabisa! Mwaka 2015, Broadway, Tevye aliingia kwanza amevaa koti la siku hizi, ili tukumbuke wakimbizi wa leo. Mwaka 2018, New York, Joel Grey aliuongoza kwa Kiyidi chenyewe. Ulipangiwa majuma machache tu, ukaendelea mpaka mwanzo wa 2020.

Ninaona sababu katika mwisho wake. Binti watatu walitikisa desturi, lakini kijiji hakikufa juu yao. Amri ya serikali ya mfalme iliwapa watu siku tatu za kuhama. Tevye anavuta mkokoteni wake, na mpiga violon anamfuata nyuma.

Sisi wa mashariki ya Kongo, tuliokimbia na godoro kichwani, tunaijua njia hiyo. Mzee wetu akisimama tena, nitamwomba kwa heshima ahesabu: ni mila ngapi zilikataliwa na vijana, na ngapi tuliziangusha njiani siku ya kukimbia?